Naona vizuri, ya nini nipimwe retina?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 49, na huu ni mwaka wa tisa nikiwa na kisukari aina ya pili. Mwezi wa nne sukari ilikuwa ikisoma 15 hadi 17, nikatengeneza miwani kwa sababu ya mbali nilikuwa siyaoni. Miezi miwili iliyopita nilianzishiwa insulini, sasa asubuhi nasoma 7 au 8, lakini miwani ile ile inanipa ukungu na madaftari ya wanafunzi nayasoma kwa taabu. Nikiivua, mbali naona vizuri kabisa. Kliniki wameniandikia nikapimwe retina kwa kutanuliwa mboni. Naogopa, maana mjomba wangu alipigwa leza na baada ya miezi michache akawa haoni. Niende? Na yale matone ya kusafisha macho yanayouzwa mitaani yanasaidia?

JIBU: Nzuri, Mwalimu. Nenda, tena usingoje likizo.

Tuanze na miwani, maana ndiyo inayokusumbua leo. Sukari ikipanda kwenye damu hupanda pia ndani ya lenzi ya jicho. Humo sehemu yake hugeuka sorbitoli, ambayo haitoki kwa urahisi na huvuta maji. Lenzi inavimba, umbo linabadilika, na namba ya miwani inabadilika nalo. Miwani yako ilipimiwa lenzi iliyovimba. Sasa insulini imeshusha sukari, lenzi inarudi kwenye umbo lake, na katika kipindi hiki kusoma kwa karibu ndiko kunakosumbua zaidi. Usitengeneze nyingine kwa sasa. Subiri sukari itulie wiki 6 hadi 8 mfululizo, kisha upimwe upya. Kwa kusahihisha madaftari tumia miwani ya kusomea ya bei nafuu, haitaharibu jicho. Kwa umri wako ungeihitaji hata kama huna kisukari.

Retina ni suala jingine. Huo ni utando mwembamba ulio nyuma ya jicho, unaopokea mwanga, na mishipa yake midogo ya damu ni myembamba kuliko unywele. Sukari ikikaa juu kwa miaka, seli zinazoshikilia kuta za mishipa hiyo hufa. Ukuta unalegea na kutuna vivimbe vidogo, ambavyo daktari huviona kama vidoa vyekundu. Baadhi ya mishipa huvuja maji na mafuta, mingine huziba. Yote haya yakitokea pembeni, huoni tofauti yoyote wala huhisi maumivu. Utashtuka maji yakishafika kwenye makula, pale katikati ya retina panaposoma herufi. Ndiyo maana mtu anaweza kusoma mstari wa mwisho wa chati ya herufi ilhali retina yake imeharibika vibaya.

Kuna sababu ya pili ya kuharakisha. Sukari iliyokaa juu muda mrefu ikishushwa kwa kasi, retina ambayo tayari imeathirika inaweza kuzorota zaidi katika miezi ya mwanzo. Utafiti wa DCCT wa Marekani na Kanada, uliotoa matokeo mwaka 1993 kwa wenye kisukari aina ya kwanza, uliliona hilo kwa baadhi ya wagonjwa. Hata hivyo, miaka ilivyokwenda, walioidhibiti sukari kwa karibu walipunguza uwezekano wa kuanza ugonjwa wa retina kwa 76%. Kwa hiyo insulini usiiache wala usijipunguzie dozi. Kinachotakiwa ni retina iangaliwe sasa.

Ukifika utasomeshwa herufi jicho moja moja, utapimwa presha ya jicho, kisha utawekewa matone ya kutanua mboni, mara nyingi tropikamidi. Yanachoma kidogo. Baada ya dakika 20 hadi 30 mboni huwa pana, na daktari hutazama ndani kwa taa au hupiga picha. Bila kuitanua, ni sawa na kukagua chumba kwa kuchungulia tundu la ufunguo. Ukungu na kuumizwa na mwanga hudumu saa 4 hadi 6, hivyo nenda na mtu, beba kofia au miwani ya jua, na usiendeshe chombo chochote. Kabla hujaondoka omba uandikiwe hatua ya ugonjwa kwa kila jicho, kama makula ina maji, na tarehe ya kurudi. Retina ikiwa nzima, rudi baada ya miezi 12. Ugonjwa wa kati hudai miezi 3 hadi 6, na ukiwa mkali isizidi miezi 3.

Sasa leza. Mishipa mingi ikiziba, retina inakosa oksijeni na kutoa kemikali zinazootesha mishipa mipya. Hiyo mipya ni dhaifu, hupasuka na kujaza damu ndani ya jicho, au huacha makovu yanayovuta retina mpaka ibanduke. Leza huchoma vidoa vidogo pembeni mwa retina, kwa kawaida 1,200 hadi 1,600 kwa jicho, katika awamu moja hadi tatu, ili eneo lenye njaa ya oksijeni lipungue na mishipa ile inyauke. Kazi yake ni kulinda uono uliobaki, uliopotea haurudishi. Nguvu yake huchukua wiki kadhaa kuonekana, na ndani ya wiki hizo mshipa uliokwisha kuota bado unaweza kupasuka. Ina gharama pia, kwani uono wa usiku na wa pembeni unaweza kupungua. Siwezi kumsemea mjomba bila faili lake, lakini wengi wanaopofuka baada ya leza walifika wakiwa wamechelewa. Utafiti mwingine wa Marekani, wa mwaka 1976, ulionyesha kuwa leza hupunguza hatari ya kupoteza uono vibaya kwa zaidi ya nusu.

Makula ikiwa na maji, tiba ya kwanza siku hizi ni sindano ya ndani ya jicho, bevacizumab au dawa za jamii yake. Kiasi ni mililita 0.05 tu, jicho likiwa limetiwa ganzi. Huanza kila mwezi, na tatizo kubwa ni watu kuacha baada ya ya pili kwa kuwa wameona nafuu. Huduma za retina zipo KCMC Moshi, na Dar es Salaam zipo Muhimbili na CCBRT.

Matone ya mitaani achana nayo. Hayatibu retina, na yenye steroidi hupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Kinacholinda retina ni HbA1c (kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi mitatu hivi) inayokaribia 7%, presha ya damu chini ya 130/80, figo kupimwa kila mwaka, na kutovuta sigara.

Nyumbani, mara moja kwa wiki, ziba jicho moja kwa kiganja na utazame fremu ya mlango, kisha jicho la pili. Fremu ikionekana imepinda, wahi kliniki ya macho wiki hiyo. Ukiona ghafla nzi weusi wengi, utando kama wa buibui au pazia linaloshuka, au jicho likiuma na kuwa jekundu baada ya sindano, nenda siku hiyo hiyo, hata kama tarehe yako ya kliniki ni kesho kutwa.