Gumba kwenye besi: jifunze kukata noti kabla ya kukimbia

Vijana wengi wanaoshika besi Mtwara na Lindi siku hizi wanapiga slapi, yaani kugonga uzi kwa gumba na kuuvuta kwa kidole. Wamejifunza kwenye video za simu, mikono yao ni myepesi, na wakiachiwa besi peke yake chumbani wanamwaga noti mpaka unashangaa. Tatizo huanza dramu zikiingia. Solo na kinanda vikifuata, ile besi inapotea, kinachobaki ni mlio wa nyuzi kugonga freti, vile vyuma vya shingoni, na wimbo unaelea bila chini. Kiongozi wa bendi anamwambia "punguza", lakini hamwelezi apunguze nini. Kijana anapunguza sauti kwenye amplifaya, mambo yanazidi kuharibika.

Cha kupunguza kwanza ni idadi ya noti za chini, na cha kuongeza ni uangalizi wa mahali kila noti inapokatika. Sababu yake inahesabika. Uzi wa E, ule mnene kuliko yote, ukiwa wazi unatetemeka mara 41 hivi kwa sekunde, kwa hiyo mtetemo mmoja unachukua milisekunde 24. Chukua wimbo wa mapigo 120 kwa dakika, gawa kila pigo mara nne kama wanavyopenda wapiga slapi: kila noti inapata milisekunde 125. Uzi wa E unatetemeka mara tano tu, noti inayofuata imeshafika kuifuta. Sikio halijapata muda wa kutambua ni noti gani, linapokea mgongano tu. Uzi wa G, ule mwembamba kuliko yote, ukiwa wazi unatetemeka mara 98 kwa sekunde, na ndani ya muda uleule unatoa mitetemo 12. Ndiyo maana mbio zilezile zikipigwa kwenye D na G kuanzia freti ya saba kwenda juu zinasikika zina sauti, na kwenye E zinakuwa vurugu. Ukitaka kukimbia, kimbilia juu. Chini kaa, acha noti ijae.

Ongeza hapo ukumbi wenye kuta za tofali, sakafu ya vigae na paa la bati. Sauti ya chini bado inazunguka ukumbini wakati wewe umeshapiga noti mbili nyingine. Uwanja wa wazi ni nafuu kwa kasi kwa sababu hakuna kinachorudisha sauti, ila hapo besi inakonda, kwa hiyo noti fupi zinazidi kukosa uzito. Sehemu zote mbili dawa ni ileile: noti chache za chini, ndefu inavyotakiwa, zilizokatwa mahali pamoja kila zinaporudi.

Inasaidia kujua slapi ilitoka wapi. Larry Graham, mpiga besi aliyekuja kujulikana na bendi ya Sly and the Family Stone, alikuwa akipiga na mama yake kwenye bendi ndogo ya huko California, wakabaki bila mpiga dramu. Akaanza kugonga nyuzi kwa gumba mahali pa kiki, ile dramu kubwa ya mguu, na kuvuta kwa kidole mahali pa sinea, ile dramu ndogo kali. Slapi basi ilizaliwa kujaza nafasi ya dramu. Kwaya isiyo na dramu, yenye kinanda na magitaa mawili, bado inaweza kuitumia kwa kazi hiyohiyo na ikapendeza sana. Penye dramu, ukipiga kila kitu unarudia kazi ya mwenzako, tena kwa kuchelewa au kuwahi kidogo, na kile kidogo ndicho kinachofanya wachezaji washindwe kukaa kwenye mdundo.

Tuje kwenye mkono. Gumba hugonga kwa ubavu wa kifundo chake, ule upande wenye mfupa, kwenye freti za mwisho au mara tu baada yake. Mwendo unatoka kwenye kiwiko kuja kiganjani, mkono ukizunguka kama unageuza ufunguo mlangoni. Gumba lenyewe halipigi, linabebwa. Liinue sentimita mbili au tatu tu kutoka kwenye uzi. Wengi huinua kumi kwa sababu inaonekana vizuri jukwaani, kisha wanakaza misuli ili kuwahi kurudi. Mkono uliokaza ni mzito, unachelewa, na baada ya nusu saa mkono wa mbele unaanza kuuma. Ukisikia maumivu, acha. Hiyo si dalili ya kukomaa, umekosea mwendo.

Kidole cha kuvuta kiingie chini ya uzi kwa nyama ya ncha tu. Kikizama mpaka kwenye kiungo, kinanasa, uzi unavutwa mbali, na popu, yaani ile noti ya kuvuta, inatoka kali kuliko gumba mara mbili. Hapa ndipo muziki unapoharibika zaidi kwa wapiga slapi wa huku: popu inapasua masikio, gumba halisikiki. Jipime hivi. Piga gumba kwenye uzi wa A freti ya tano, vuta oktevu yake, yaani noti ileile ya juu zaidi, kwenye uzi wa G freti ya saba, rekodi kwa simu ukiwa umeiweka hatua tatu mbali na spika. Ukisikiliza, noti mbili hizo ziwe na ukubwa unaokaribiana. Kama popu inaruka, legeza kidole kabla ya kugusa kitufe chochote cha amplifaya.

Mkono wa kushoto ndio mwenye muziki, na ndio unaosahaulika. Kulia kunaanzisha noti, kushoto kunaimaliza. Noti inakatwa kwa kulegeza kidole bila kukiinua kwenye uzi. Ukikiinua kabisa uzi unalia wazi. Noti bubu, ile "tk" isiyo na sauti, inatokana na vidole viwili au zaidi kulala juu ya uzi bila kubonyeza. Kidole kimoja hakitoshi, kwani sehemu fulani za uzi, kama juu ya freti ya tano, ya saba na ya 12, kidole kimoja kikigusa kinatoa filimbi badala ya ububu.

Mazoezi yenyewe ninayashauri kwa mpangilio huu, dakika 30 kwa siku, metronomu ya simu, ile inayohesabu mapigo kwa dakika, inatosha. Weka 60. Piga noti moja tu, A, kwa gumba, kila pigo. Dakika tano noti ijae pigo zima, dakika tano ikatwe nusu, dakika tano ikatwe robo. Inachosha akili kuliko vidole, na wengi wanaruka hapa. Usiruke. Mtu asiyeweza kushika tofauti kati ya nusu na robo kwenye 60 hataishika kwenye 110.

Kisha gumba kwenye pigo la kwanza na la tatu, popu ya oktevu kwenye la pili na la nne. Yakikaa, ingiza noti bubu moja kabla ya kila popu, baadaye mbili. Panda kwa mapigo manne: 60, 64, 68. Kigezo cha kupanda ni kupiga mzunguko wa baa nane (baa moja ni mapigo manne) mara tatu mfululizo bila uzi wa jirani kulia na bila popu kuruka. Ukikosea, shuka manne. Ukifika 100 kwa njia hii utakuwa na kasi ya kutosha nyimbo nyingi za kwaya na dansi, na itakuwa kasi unayoweza kuisimamisha.

Halafu punguza metronomu badala ya kuongeza. Wimbo ukiwa 100, weka metronomu 50 na uyachukulie yale mapigo kuwa la pili na la nne. Ukizoea, weka 25, upate pigo moja tu kwa kila baa. Hapo nafasi tupu ni kubwa, na hakuna anayekushikia mwendo. Mpiga kasi asiye na mdundo anajulikana ndani ya dakika moja: pigo linakuja yeye ameshafika mbele.

Kasi ya kweli ya slapi, kwa anayeitaka, haitoki kwenye nguvu. Mpiga besi Victor Wooten hutumia gumba kushuka na kupanda, likipenya uzi mmoja na kutulia juu ya uzi unaofuata, kisha likirudi na noti ya pili. Mwendo mmoja wa mkono, noti mbili. Ni ufundi mzuri, ila unadai nyuzi ziwe chini na gumba lisizame. Uanze kwenye 50. Na hata ukiujua, sikiliza jinsi mpiga besi mwingine, Marcus Miller, anavyoacha nafasi: mistari yake mingi unaweza kuiimba kwa mdomo. Hicho ni kipimo ninachokiamini kuliko vyote. Mstari wako wa slapi ukishindwa kuuimba, hata kwa "du-ka-du-pa", vidole ndivyo vilivyoutunga, sikio halikushirikishwa.

Ukifika kwenye bendi, kaa upande wa haihati, yale matoazi mawili ya mguu ya mpiga dramu, na utazame mguu wake wa kiki. Kubalianeni jambo moja: gumba linaangukia kwenye kiki zipi. Si lazima zote. Kiki ikipiga mara tano kwenye baa mbili, chagua tatu, mbili umwachie. Popu nayo isiangukie kila sinea. Iwe ya mara moja kwa baa mbili au nne, pale mwimbaji anapovuta pumzi. Mwimbaji akiwa katikati ya maneno, popu inamkata.

Kwenye nyimbo za dansi, chemko, pale wimbo unapopamba moto, ndipo kishawishi kinapokuwa kikubwa. Magitaa ya solo na ridhim yanakimbia juu, dramu zimepanda, na mpiga besi naye anataka kukimbia. Lakini magitaa tayari yamejaza sehemu ya juu. Popu zako zinaingia kwenye njia yao, zinagongana. Kaa chini na gumba, noti mbili au tatu kwa baa, popu moja ya kufungua mzunguko. Utaona watu wanacheza zaidi. Sehemu ya mwanzo ya wimbo, ile ya kuimba taratibu, piga kwa vidole tu. Slapi inayoanza pigo la kwanza mpaka la mwisho haina pa kupandia.

Na bendi ikiamua kupiga wimbo uliojengwa juu ya mdundo wa ngoma za Kimakonde, sikiliza kwanza pigo linagawanyika vipi. Likigawanyika tatu-tatu, ile mazoea ya nne-nne ya video itapigana na ngoma hata ukiwa sahihi na metronomu. Tumia gumba, bubu, popu kwa kila pigo, sawasawa tatu, halafu ondoa bubu, halafu ondoa popu kwenye mapigo mawili kati ya manne. Kinachobaki mara nyingi ndicho kinachotakiwa.

Kwa chombo chenyewe, nyuzi nyembamba kidogo, 40 hadi 100 (unene kwa elfu ya inchi), ni rahisi kwa slapi kuliko 45 hadi 105. Urefu wa uzi wa E kutoka freti ya 12 uwe milimita 2 hivi. Ukishuka sana, kila noti inakwaruza freti na urefu wake unakufa. Shingo iwe na upinde mdogo sana: bonyeza E kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, na kwenye ya saba ipite kadi ya mawasiliano kwa shida. Kama inahitaji kurekebishwa, geuza skrubu ya shingo robo mzunguko tu, tyuni upya, subiri mpaka kesho yake ndipo upime tena. Masika na unyevu wa pwani huisogeza shingo, kwa hiyo besi iliyokaa vizuri Novemba huenda ikahitaji kurekebishwa Aprili.

Kwenye amplifaya, watu hukata sauti ya kati yote kwa sababu chumbani slapi inang'aa hivyo. Kwenye bendi ndiyo inayokufanya usikike. Punguza kidogo kwenye 500 Hz, ongeza kidogo 80 Hz na 3 kHz, ishia hapo. Usiongeze 40 Hz kwenye spika za kukodi. Nyingi haziwezi kuitoa na zinaishia kuungua. Mwenye kompresa, kifaa cha kushusha sauti inaporuka, aiweke 4 kwa 1, ianze kushika baada ya milisekunde 20 hadi 30 ili ncha ya gumba ipite kwanza, na ishushe desibeli 3 hadi 6 kwenye popu kali. Ukiona inashusha 12, tatizo liko kidoleni.

Nyuzi za chuma zinakufa haraka huku. Chumvi ya hewa na jasho vinaingia kwenye msokoto, na slapi ikikosa ung'avu mpigaji huanza kugonga kwa nguvu na kuongeza noti ili asikike. Futa kila uzi kwa kitambaa kikavu, juu na chini, kila unapomaliza. Seti mpya mara nyingi inabidi iagizwe Dar es Salaam, kwa hiyo wakati ukisubiri, chemsha za zamani: zitoe bila kuzikata, zikunje taratibu, ziache kwenye maji yanayochemka dakika kumi, zifute, kisha zianikwe juani mpaka zikauke kabisa, kwani tone likibaki ndani ya msokoto kutu inaanza upya. Ung'avu unarudi kwa muda mfupi, unatosha kuvusha harusi za Jumamosi na ibada ya Jumapili. Usichemshe seti moja zaidi ya mara mbili au tatu. Uzi wa G hukatikia pale unapokunjwa kwenye kigingi, na mara nyingi hukatika kwenye popu.