Mnaoanza kusoma kilimo, ulizeni chakula kinaisha mwezi gani

Wadogo zangu mnaoripoti chuoni kusoma kilimo, mimi ni bibi shamba, mwaka wa 11 sasa niko kazini. Kuna jambo nililielewa nikiwa nimechelewa, na sipendi nanyi mchelewe: njaa ya vijijini kwetu mara nyingi haianzii shambani. Inaanzia chumba cha nyuma, kwenye magunia.

Nikiwa mwaka wa pili nilipangiwa mafunzo kwa vitendo katika kijiji kimoja wilayani Kilosa. Ilikuwa Agosti, mahindi yameshavunwa. Mama aliyenipokea alikuwa na magunia nane, yameegemezwa ukutani. Nikamfundisha nafasi za kupanda, sentimita 75 kwa 30, mche mmoja kila shimo, mbolea ya kupandia na ya kukuzia. Alinisikiliza kwa heshima zote. Kwenye ripoti nikaandika kwamba kaya ile ina chakula cha kutosha. Nikapata alama nzuri.

Machi nikapita kumsalimia. Akanipeleka chumba kile kile. Yalikuwa yamebaki magunia mawili na nusu. Akafungua moja, akazamisha mkono hadi kwenye kiwiko, akautoa umejaa unga mweupe. Punje zilizobaki kiganjani zilikuwa na matundu, nyepesi kama pumba. "Mwanangu," akaniambia, "gunia hili sijalichota hata kisado. Ona lilivyopungua lenyewe." Alikuwa ameshaanza kununua mahindi kwa debe, karibu mara mbili ya bei aliyouzia ya kwake mwezi wa nane.

Ule ulikuwa mlo wa dumuzi, mdudu mdogo anayetoboa mahindi ghalani. Asili yake ni Amerika ya Kati. Hapa nchini aligundulika Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na wazee wengine bado humwita skania. Msimsome kwa ajili ya mtihani tu. Dumuzi hustawi zaidi hindi likiwa bado kwenye gunzi, kwa sababu punje zimebanana na anapata pa kujishikiza anapotoboa. Zamani watu walihifadhi mahindi na magunzi yake kwenye kichanja juu ya meko, na kwa wadudu wa wakati huo moshi ulisaidia sana. Kwa dumuzi ushauri ukalazimika kubadilika: pukuchua, kausha, changanya na dawa yenye viambata viwili, kimoja cha dumuzi na kingine cha fukusi, mdudu mwingine wa ghalani, maana kinachomuua huyu hakimtoshi yule. Mkulima akikuuliza kwa nini aache desturi ya mama yake, mpe sababu hiyo. Akielewa sababu, atafanya hata wewe ukiwa umeondoka.

Sasa angalieni ratiba za vyuo vyetu. Mafunzo kwa vitendo huangukia Julai hadi Septemba, ghala zikiwa zimejaa. Mwanafunzi anaona neema, anaandika neema, anarudi darasani. Miezi chakula kinapokatika, yeye yuko kwenye majaribio ya katikati ya muhula. Mimi naamini kwa moyo wote kwamba chuo kinachotaka kupunguza njaa kingeanzia hapa: kimrudishe mwanafunzi wiki moja tu, Februari au Machi, kwenye kaya ile ile, apime tena magunia yale yale. Ripoti mbili za nyumba moja zingemfundisha kuliko kitini chote cha uhifadhi. Kama chuo chenu hakina mpango huo, rudini kwa nauli yenu.

Njia nyingine ya chuo kufika ghalani mnaiona kwenye maduka ya pembejeo: kiroba chenye mifuko miwili ya plastiki ndani. Teknolojia hiyo ilitengenezwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani waliofanya kazi Kameruni mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa ajili ya kunde za wakulima wadogo. Mfuko ukifungwa barabara, wadudu humaliza oksijeni iliyomo, huacha kula, hukauka na kufa. Dawa haihitajiki. Ila una bei kuliko kiroba cha kawaida, kwa hiyo msimwambie mtu anunue mifuko 20 kwa mpigo. Mwambieni aanze na miwili, ile ya mahindi ya Februari na Machi.

Na mahindi yawe makavu kwanza, la sivyo mtafungia ukungu ndani. Mwaka 2016 watu walifariki Dodoma na Manyara kwa sumukuvu, sumu itokanayo na ukungu, kwa hiyo ukavu si suala la kubahatisha kwa kung'ata punje. Kipimo cha unyevu ni ghali, lakini chupa ya kioo na chumvi hazikosekani. Chupa iwe safi na kavu, chumvi nayo ianikwe juani. Jazeni mahindi theluthi moja ya chupa, tieni vijiko viwili vitatu vya chumvi, funikeni, tikiseni dakika chache, kisha acheni itulie robo saa. Chumvi ikiganda ubavuni mwa chupa, mahindi hayajakauka, yarudi juani, tena juu ya turubai, si udongoni. Nimeona vikongwe wakicheka kwa furaha baada ya jaribio hili, kwa sababu jibu wamelisoma wenyewe.

Mkifika kijijini, swali la "unavuna magunia mangapi?" liacheni la pili. Anzeni na "chakula kinaisha mwezi gani?" Halafu nyamazeni. Mtasikia habari za ada ya shule iliyouza mahindi kabla ya wakati, za msiba, za panya, za jirani aliyekopeshwa debe. Andikeni yote, kwa Kiswahili alichokitumia mkulima, mtafsiri baadaye mkiandika ripoti.

Septemba mkiaga, muulizeni mwenyeji barabara ya kwake ikoje masika. Ile ya kwangu pikipiki iliishia mtoni, nikavua viatu.