Mtego wa chambo hai: nyie mnaoanza kazi ya migonzo (kamba ndefu zenye ndoano nyingi za kuvulia sangara), someni hapa kwanza

Wakuu, kila msimu huku Ziwa Victoria mwaloni, pale mitumbwi inaposhushia samaki, wanakuja vijana wapya wana kamba mpya na ndoano mpya, alafu chambo wananunua kila siku, hela ya sangara yote inaishia kwenye ndoo ya kambale ya mtu mwingine. Kununua sio dhambi, hata mimi siku zingine nanunua, ila mtego unautengeneza mwenyewe jioni moja tu kwa vitu ambavyo watu wametupa. Shida ni kwamba wengi wakitengeneza wanawaza kukamata tu. Sangara anafuata kinachotapatapa, kwahiyo chambo lazima kitoke mtegoni kikiwa hai na kina nguvu, aliyefia mtegoni huyo ni mboga.

Anzeni na furu, vile visamaki vidogo vya ziwani, maana ndo rahisi. Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, kata pale mabegani, toa kifuniko, geuza kile kipande cha juu ukiingize ndani mdomo ukiangalia kitako, shona pembeni kwa uzi wa nyavu. Hapo umepata mgono mdogo, ni akili ileile ya wazee wetu ila wao walisuka kwa fito. Pasha msumari moto utoboe matundu mengi kila upande, usibanie matundu, chupa yenye matundu machache maji hayapiti na furu hawavumilii kukosa hewa. Weka jiwe ndani izame, tupia pumba au tonge la ugali mkavu, funga kamba, tega mchana pembeni ya matete. Furu anatumia macho kwahiyo usiku huyu usimsumbukie, na usimwache humo muda mrefu, baada ya saa moja au mbili kaangalie.

Kambale ndo chambo cha uhakika maana akiwa kwenye ndoano anakaa hai muda mrefu kuliko furu, na hapa ndo wageni wengi wanafeli. Kwake tumia dumu la lita 20, kata upande mmoja uweke faneli ya plastiki au ya wavu mgumu, tundu la ndani liwe upana wa vidole viwili hivi, wale wadogo wa saizi ya chambo wanapita na mikubwa inabaki nje. Ndani weka matumbo ya samaki kwenye kipande cha wavu, yananuka balaa lakini kambale anatafuta chakula kwa harufu na zile sharubu zake. Sasa sikilizeni: USILIZAMISHE DUMU LOTE. Kambale anapanda juu kuvuta hewa, na kwenye maji ya matopeni yenye magugu oksijeni ni kidogo, ukimfungia chini kabisa asubuhi unakuta wamekufa wote, yaani samaki amekufa maji. Acha sehemu ya juu ielee, funga hata chupa mbili tupu pembeni. Kamongo akiingia naye ni hivyohivyo anahitaji hewa ya juu, ila huyo usimshike kwa mkono, anang'ata vibaya.

Dumu lenyewe uangalie lilikuwa na nini. La mafuta ya kula osha kwa sabuni na majivu, lililowekewa dawa ya pamba achana nalo kabisa hata uoshe mara ngapi.

Kama unatega kwenye mfereji au kijito, mdomo wa mtego uangalie maji yanakoelekea, sio yanakotoka. Mvua zikianza kambale wanapanda kwenda kwenye mabonde yaliyojaa maji na majaruba ya mpunga kutaga, wanakuja wakipambana na mkondo na harufu ya chambo nayo inawafuata kulekule chini. Tega jioni, toa kabla jua halijawaka. Ila jioni kuna viboko na mamba, kwahiyo usiende peke yako na usikae umeinama majini na tochi kama unatafuta pete. Na mchana ule ukingo wenye konokono ndo kwenye kichocho, zaidi saa za jua kali, vaa gambuti hata wakikucheka.

Kutunza nako ni kazi. Kambale weka kwenye ndoo yenye maji nusu, kivulini, funika kwa wavu maana wanaruka na kutambaa, na tenganisha saizi, usipotenganisha wakubwa wanakula wadogo utashangaa idadi inapungua bila mwizi. Maji ya bomba yenye dawa yaache wazi usiku kucha kwanza, au chota ya ziwani tu. Furu ndoo haiwafai, wawekee dumu lenye matundu lielee ziwani. Lowesha mikono kabla ya kuwashika, na ukitundika pitisha ndoano kwenye nyama ya juu ya mgongo isiguse uti, ukigusa uti amekwisha hapohapo.

Kabla ya kutega ulizia BMU (kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi) ya mwalo wenu kuhusu leseni na maeneo yaliyofungwa ya mazalia. Na kuna wajanja watawaambia mtego unachelewesha, kokota chandarua au kokoro, hayo yote ni makosa kisheria na unazoa mpaka watoto wa sato.

Chambo kikibaki rudisha palepale ulipokitoa, usiende kumwaga kwenye bwawa la mtu au mto mwingine. Sangara mwenyewe sio wa ziwa hili, alipandikizwa kuanzia miaka ya 1950, na kufika miaka ya 1980 aina nyingi sana za furu zilikuwa zimeshapotea. Na ukisafiri siku mbili tatu toa mitego yako majini, plastiki haiozi, itaendelea kukamata na kuua samaki wasioliwa na mtu.