Midoli ya visanduku vilivyofungwa: ni biashara au kamari?

SWALI

Sheikh, assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Mimi ni mama mwenye asili ya Unguja, naishi Maskati. Tangu mwaka jana nanunua midoli ya Labubu, ile inayouzwa ndani ya kisanduku kilichofungwa, hujui umepata yupi mpaka ufungue. Nilianza kwa kumnunulia binti yangu. Sasa ninayo 14 iliyofunguliwa, na visanduku 4 nimeviweka bila kuvifungua nikisubiri bei ipande. Mitatu niliyoifungua nimeshaiuza kwa faida. Mtoto wa mama mdogo naye anakusanya pesa kwa wanawake wa ukoo ili anunue mzigo mkubwa. Atakayetoa riali 100 anaahidiwa 130 baada ya miezi sita, mzigo uuzike usiuzike. Wifi yangu anasema midoli hii ni masanamu na yule ni shetani wa kale. Nifanye nini, na je, nina zaka?

JIBU

Waalaykumu s-salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa njema zote ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Binti yangu, kabla ya kukujibu nilimwomba mjukuu wangu anioneshe kitu chenyewe, maana kuhukumu usichokijua ni kumdhulumu aliyeuliza. Alikuwa na kisanduku kimoja alichopewa zawadi. Ni chepesi, kinaenea kiganjani, na ubavuni kimechorwa midoli sita pamoja na kivuli cha wa saba asiyeoneshwa. Mtoto alikichukua akakitikisa karibu na sikio. Akakibonyeza pembeni kwa kidole gumba. Akaenda jikoni akakiweka kwenye mizani ya unga, akarudi akaniambia, "Babu, huyu wa kijani." Tukafungua, tukachana mfuko wa ndani, akatoka wa buluu. Nilimtazama uso. Alikuwa na mdoli mzuri mkononi, na alikuwa amehuzunika.

Nilipomwona akibonyeza lile boksi nilikumbuka hadithi ya Abu Said al-Khudri, Allah amridhie, iliyomo katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume, rehema na amani zimfikie, alikataza mauzo ya mulamasa. Ni mtu kuigusa nguo ya mwenzake usiku au mchana bila kuikunjua, na kule kugusa ndiko kunakuwa mauzo. Na Muslim amepokea kutoka kwa Abu Huraira kwamba Mtume alikataza mauzo ya kijiwe na mauzo ya gharar. Katika mauzo ya kijiwe, wanavyoeleza wanavyuoni, muuzaji hutandaza nguo, mnunuzi hurusha kijiwe, na nguo itakayoangukiwa ndiyo yake kwa bei ile ile, iwe ya hariri au ya gunia. Gharar maana yake ni kuuziana kitu ambacho hujui utapata nini.

Utaniuliza, mbona tunanunua yai bila kuona kiini, na komamanga bila kuona punje? Kweli, na wanavyuoni wameliruhusu hilo kwa sababu mbili: ujinga wenyewe ni mdogo, na hakuna njia ya kuuepuka ila kwa kuharibu bidhaa. Kisanduku hiki hakina udhuru wowote kati ya hizo. Ganda la yai ameliumba Allah, lakini boksi hili limefungwa na mtu makusudi ili usijue. Tena kutojua kwenyewe ndiko kunakouzwa. Katika toleo moja la Labubu liitwalo Big into Energy, yule wa saba wa siri hupatikana kwa wastani mara moja katika visanduku 72. Nilipiga hesabu: watu wakinunua visanduku 72 kila mmoja, zaidi ya theluthi yao watarudi nyumbani bila huyo wa siri. Na mtaani bei yake huwa mara nyingi ya bei ya wenzake. Hapo mtu ametoa kiasi kimoja, na atatoka ama amepata zaidi sana ama amepata asichokitaka. Hii ndiyo sura ya maysir, yaani kamari, iliyotajwa katika Suratul Maida, aya ya 90, na watu wa kwetu wanaijua kwa jina la pata potea.

Wapo wanavyuoni wa zama hizi wanaosema kwamba ikiwa vyote vilivyomo vina thamani sawa, bei ni ya kawaida na mnunuzi ameridhia chochote kitakachotoka, basi gharar ni ndogo na inasameheka. Naiheshimu kauli hiyo, na mama aliyemnunulia mwanawe kimoja kwa ajili ya kucheza simwambii kwamba amecheza kamari. Ila thamani ikitofautiana hivi, na mtu akinunua kwa ajili ya wa siri au kwa kutaraji faida, naona haifai. Na katika madhehebu yetu ya Shafi, Imam Nawawi amesema katika kitabu chake Minhaj kwamba kauli iliyo dhahiri zaidi ni kutosihi mauzo ya kitu kisichoonwa. Wafuasi wa madhehebu ya Hanafi wanaruhusu, lakini wanampa mnunuzi haki ya kurudisha atakapokiona. Muuzaji gani wa visanduku hivi atakurejeshea pesa eti kwa sababu ametoka wa buluu na ulitaka wa kijani?

Kwa hiyo hivyo visanduku vyako 4 usiviuze vikiwa vimefungwa. Vifungue, halafu uza mdoli unaoonekana kwa bei mtakayopatana, hata ukipata faida, ni halali yako. Vivyo hivyo ile mitatu uliyouza wazi, faida yake kula bila wasiwasi. Kwa yaliyopita ya kununua kwa kubahatisha hukuwa unajua, basi omba maghufira. Allah amesema kuhusu waliokuwa wakila riba, katika Suratul Baqara aya ya 275, kwamba aliyefikiwa na mawaidha akaacha, yaliyopita ni yake. Na binti yako akitaka mmoja, mnunulie aliyekwisha funguliwa, amchague kwa macho yake.

Sasa hilo la binamu yako, na hapa nakusihi unisikilize sana, kwa sababu linanitia hofu kuliko midoli yenyewe. Riali 100 zirudi 130, uuzike usiuzike: huo ni mkopo wenye nyongeza, na nyongeza iliyoshurutishwa juu ya mkopo ni riba, hata ikiitwa uwekezaji na hata ikipita mikononi mwa ndugu. Biashara ya mtaji wa mtu na kazi ya mwingine katika sheria yetu ni mudharaba. Mnakubaliana sehemu ya faida, nusu kwa nusu au theluthi kwa theluthi mbili. Hasara ikitokea bila uzembe, inamwangukia mwenye mtaji, na aliyefanya kazi anakuwa amepoteza jasho lake. Hakuna ahadi ya kiasi maalumu.

Na hasara inatokea. Mwezi Juni 2025 mdoli wa Labubu mrefu wa kimo cha mtoto uliuzwa mnadani Beijing kwa yuan milioni 1.08, na habari ile ikazunguka dunia nzima. Mwezi huo huo kampuni inayoitengeneza, Pop Mart, iliingiza mzigo mwingi sokoni, na bei za walanguzi huko China zikaporomoka ndani ya siku chache. Wanawake wa ukoo wako wamesikia habari ya mnada. Je, hii ya pili wameambiwa? Bei ya kitu hiki inategemea uamuzi wa kampuni moja ya kutengeneza vingi au vichache, na binamu yako hana neno katika uamuzi huo. Mwambie arudishe kila riali kwa mwenyewe kabla hajanunua chochote. Kwa wengine huenda ni pesa za upatu hizo, au za mahari, au za kumpeleka mzazi Makka.

Kuhusu wifi yako. Maneno kwamba Labubu ni shetani wa kale wa Babeli aitwaye Pazuzu yalienea mitandaoni mwaka 2025 na hayana msingi. Aliyemchora ni Kasing Lung, mzaliwa wa Hong Kong aliyekulia Uholanzi. Alimtoa mwaka 2015 katika hadithi zake za picha, akivutiwa na ngano za Ulaya ya kaskazini. Allah ametukataza katika Suratul Israa aya ya 36 kufuata tusiyo na elimu nayo, na kumsingizia kiumbe wa plastiki habari ya uongo ni katika hayo. Ama kuwa ni sanamu, midoli ya watoto imeruhusiwa. Bibi Aisha alicheza na wanasesere nyumbani kwa Mtume, na mmoja wao alikuwa farasi mwenye mbawa, Mtume akacheka. Nisichokipenda ni mtu mzima kuipanga kabatini kama pambo. Ruhusa ilikuja kwa mchezo wa watoto, na wengi wa wanavyuoni hawakuivusha hapo.

Zaka: ile unayomwachia binti yako kuchezea haina zaka. Iliyonunuliwa kwa nia ya kuuzwa ni mali ya biashara. Utakapotimia mwaka wa Hijria, ithamini kwa bei ya soko ya siku ile, na uache kando bei uliyonunulia. Jumlisha na fedha zako nyingine na za biashara, na jumla ikifikia thamani ya gramu 85 za dhahabu toa asilimia 2.5. Midoli uliyonunua kwa ajili ya mtoto kisha ukabadili nia haihesabiwi kuwa ya biashara kwa nia tu, mpaka uiuze. Pesa utakayoipata ndiyo utakayoihesabia.

Ukiwa na shaka kuhusu mdoli gani ulinunuliwa kwa nia ipi, niandikie orodha na tarehe, tutaipitia pamoja inshaallah.

Wallahu aalam.