Vespa P150X iliyolala: tafuta mzoga mzima, na pesa ianzie ndani ya injini

Umeuliza kuhusu Vespa P150X iliyolala kibandani Wete miaka mingi: injini imeganda, sakafu ina kutu, mfuko mdogo, na hujui uagize spea Dar moja moja au utafute Vespa nyengine ya kung'oa. Mwenzetu mmoja amekushauri uanze na rangi ili upate moyo. Hapo simuungi mkono hata kidogo. Rangi ndiyo ya mwisho, na pesa ya mwanzo iende kwenye sili (pete za mpira zinazozuia oili na hewa) na beringi, vitu ambavyo hakuna atakayeviona.

Tafuta mzoga mzima, ile Vespa ambayo mwenyewe ameshaikatia tamaa na kuku wanalala juu yake. Ukinunua kimoja kimoja utalipia rimu, hendeli, habu na taa, kisha utakwama kwa kispringi cha kianzio au nati ndogo isiyopatikana dukani. Mzoga unakuja na vyote hivyo. Ikiwa ni LML ya India usiikatae: ilitengenezwa kwa leseni ya Piaggio na vitu vingi vinaingiliana. Kabla ya kulipa soma namba zilizogongwa kwenye chuma. P150X ya Italia, namba ya fremu inaanza na VLX1T na ya injini VLX1M. Fremu utakayobaki nayo ni ile inayolingana na kadi yako. Usikubali fundi akate kipande cha namba na kukichomelea kwenye fremu nyengine; hiyo ni kughushi.

Injini iliyoganda usiipige kiki. Meno ya gia ya kiki yanavunjika kabla pistoni haijatoka. Fungua plagi, mimina dizeli iliyochanganywa na oili nyepesi, iache siku tatu au nne ukiongeza kila inapokauka. Kisha tia gia ya nne na utikise tairi la nyuma mbele na nyuma, polepole. Ikitoka, nzuri. Isipotoka, fungua hedi, kile kifuniko cha juu ya silinda, na ugonge pistoni kwa kipande cha mti, si kwa chuma.

Sasa penye uzito. Ukiwa na injini mbili mbele yako, ya kwako na ya mzoga, kesi ipi, yaani ganda la chuma la injini, ubaki nayo? Usichague kwa usafi wa nje. Injini hii haina vali. Krenki yenyewe, ile shafti inayozungushwa na pistoni, ndiyo inayofungua na kufunga njia ya petroli. Ndani ya kesi, chini ya kabureta, pana uso mdogo uliochongwa kufuata duara la krenki, na nafasi kati yao ni nyembamba kama unywele. Ikiwa mchanga umeingia au beringi ilivunjika, uso ule unachimbika. Hapo injini inatema petroli kurudi kwenye kichujio cha hewa, inawaka kwa shida, na hakuna kabureta itakayokutibia. Pitisha ukucha: mikwaruzo miepesi inavumilika, mfereji unaonasa ukucha hauvumiliki. Kama krenki bado imo ndani, izungushe mpaka ifunge tundu la petroli, mimina petroli kidogo, hesabu dakika moja. Ikibaki, kesi nzima. Ikizama mara moja, kesi hiyo ni ya kutolea bolti tu.

Ukishaipasua injini, badilisha sili zote na beringi mbili za krenki, hata kama zinaonekana nzima. Sili iliyokaa kavu miaka ni ngumu kama kigae. Ya upande wa klachi ikivuja, injini inanyonya oili ya gia: moshi mweupe mzito nyuma, na oili inapungua bila kudondoka chini. Ya upande wa magineto, ile gurudumu yenye sumaku inayotoa umeme, ikivuja inanyonya hewa. Mchanganyiko unakuwa mkavu, injini inapiga kelele yenyewe ukiachia mkono, na siku moja pistoni inakamata ukiwa njiani. Watu wengi wanalaumu kabureta kwa kosa la sili hii.

Beringi ya upande wa magineto ni NU205, utaipata popote wanapouza beringi. Ya upande wa klachi ni 25×62×12, yaani milimita za tundu, duara la nje na unene. Muuzaji atakupa 6305 kwa sababu duara ni lile lile, lakini ile ina unene wa milimita 17 na haikai. Ipime kwa kalipa palepale dukani. Kuingiza, usigonge. Pasha kesi sawasawa pande zote mpaka tone la mate litie chemko, na beringi uiweke kwenye friza tangu usiku. Inadondoka yenyewe mahali pake.

Badilisha pia msalaba wa gia, kile chuma chenye ncha nne kinachochagua gia. Gia ikiruka, khasa ya pili ukipanda kilima na abiria, ni ncha zake zimelika. Kifaa ni kidogo, ila kukifikia lazima upasue injini nzima, kwa hiyo kukiacha cha zamani ni kujitafutia kazi mara mbili. Kuna ulio bapa na ulioinama kidogo, na havibadilishani. Nenda dukani na wa kwako mkononi. Gia zenyewe kwa kawaida ni nzima, za mzoga zinafaa.

Silinda ya 150 ina upana wa ndani wa milimita 57.8. Kuna pistoni za 58.0, 58.2 na 58.4. Nunua pistoni kwanza, ndipo fundi wa mashine achonge silinda kwa kuifuata pistoni hiyo. Ringi ukiisukuma ndani ya silinda iliyochongwa, mwanya wake uwe kati ya milimita 0.20 na 0.35.

Umeme kwa ufupi. Magineto, sahani ya koili na CDI (kisanduku cha elektroniki kinachopeleka moto kwenye plagi) vihame pamoja kama seti. Ukichanganya vya mfumo wa pointi na vya elektroniki hupati moto. Na angalia koni ya magineto ikae sawa kwenye krenki. Ugonjwa mkubwa ni nyaya zinazotoka kwenye sahani: mpira wake unapasuka kama ganda la muwa mkavu na zinagusana. Kwa ile ya elektroniki, pima kwa mita waya wa kijani na mweupe: karibu ohm 500. Mwekundu na mweupe: karibu 110. Usipopata hivyo, badilisha nyaya kabla ya kununua CDI. Sahani iwekwe kwenye alama ya IT. Ile A ni ya Vespa ya 200. Plagi ni B7HS, yenye uzi mfupi. Ya uzi mrefu inagonga pistoni.

Kwenye kabureta ya 20/20, jeti kubwa (kijitundu kinachopimia petroli) iliyotoka nayo ni namba 100. Nati mbili za kabureta zikikazwa kwa hasira, tako lake linapinda na kunyonya hewa. Lisugue juu ya kioo kilichowekwa msasa mzuri mpaka ling'are lote.

Kutu ya kwetu ina chumvi, msasa peke yake hauitoi. Vitu vidogo vya chuma vitie kwenye ndoo ya plastiki yenye maji na magadi, kijiko kimoja kwa lita. Chaja ya betri ya volti 12: hasi kwenye kitu chako, chanya kwenye kipande cha nondo, visigusane. Fanya nje, maana hewa inayotoka inashika moto. Aluminiamu usiitie kabisa, italiwa, na badala ya nondo usitumie chuma cha pua, maji yatakuwa sumu. Tangi ni siki siku moja na nati chache za kutikisia, suuza kwa maji ya magadi, kausha, kisha petroli yenye oili papo hapo.

Sakafu igonge kwa bisibisi kutoka chini, penye maungio ya mihimili. Hapo maji yanalala. Kuchomelea bati jipya ni sawa. Fremu yenye mikunjo nyuma ya bawa la mbele ilishagonga kitu, hiyo iache.

Usinunue vya mzoga: matairi, tyubu, breki, nyaya za klachi na gia. Habu ya nyuma kagua meno yake ya ndani. Nati ikilegea yanalika, na inatakiwa kukazwa kwa spana ya kipimo Nm (nyutoni-mita) 75 hadi 90 na pini mpya. Rimu zina nati tano za kuunganisha nusu mbili na nyengine tano za kushika habu. Toa upepo wote kabla hujagusa zile za kuunganisha, maana nusu ya rimu inaruka usoni.

Ukiwasha: oili ya gia SAE 30, mililita 250, na petroli lita 5 kwa mililita 100 za oili ya tusitroki. Kilomita 500 za mwanzo usiifungue mkono zaidi ya robo tatu. Rangi isubiri masika yapite, unyevu ukiingia chini yake inatoa malengelenge.