Ukitaka kuwafundisha watu wa misitu habari za mto, toka nao ukumbini

Juzi kati nimepokea meseji ya binti mmoja, ameajiriwa karibuni kuwa afisa misitu kwenye halmashauri moja huko Nyanda za Juu Kusini. Anasema: “Shikamoo mwalimu. Nimepangiwa kuandaa mafunzo ya siku mbili kwa wenzangu na kamati za maliasili za vijiji, mada ni bioanuwai ya mito na kudhibiti uchafuzi. Mimi chuoni nimesoma miti. Naanzia wapi?” Marahaba mdogo wangu. Nimemjibu kwa simu lakini nikaona hili liandikwe kabisa, maana najua wengi mnaopita hapa mna kiu hiyohiyo, mnataka mafunzo yenu yabadilishe kitu huko chini, sio watu wasaini mahudhurio, wachukue posho, waondoke.

Kazi ya kufundisha watu wa misitu mambo ya mto nimeifanya miaka na miaka, sehemu kubwa Morogoro, na naisema kifua mbele kwa sababu matunda yake nimeyaona. Jibu langu ni moja na mtanisikia nalirudia: wapeleke mtoni. Wapeleke siku ya kwanza asubuhi, kabla hujafungua slaidi hata moja.

Kwa nini? Afisa misitu ni mtu wa macho na mikono. Akiona mti anakutajia jina na kipenyo kwa kukadiria tu, akiona kisiki anakwambia kimekatwa kwa msumeno au shoka, na ni cha juzi au cha mwaka jana. Mtu wa namna hiyo ukimfungia ukumbini ukaanza kumwambia habari za oksijeni iliyoyeyuka kwenye maji ataandika, ataitikia kwa kichwa, akifika mlangoni imeisha. Huyohuyo mpe wavu na beseni jeupe umwingize kwenye maji uone.

Mimi huwa naanzia juu, Mto Morogoro unaposhuka kutoka Uluguru, pale ambapo msitu bado umeushika. Mmoja anaingia mtoni na gambuti, wavu anauweka upande maji yanakoelekea, halafu anasugua mawe kwa miguu, kila kilichojificha chini ya jiwe kinasombwa kinaingia wavuni. Tunamwaga kwenye beseni lenye maji safi. Mwanzoni wanaona majani na mchanga tu, wanaanza kuangaliana. Nawaambia tulieni. Baada ya muda kidogo mchanga unaanza kutembea. Kuna kadudu bapa kenye mikia mitatu, kamebana kwenye kajiwe, pembeni ya tumbo kana vitu kama vijani vinapepea bila kupumzika, ndiyo anavyopumua huyo. Kuna mwingine amejijengea kijumba cha punje za mchanga, amezigandisha moja moja kwa uzi wake mwenyewe, anatembea nacho mgongoni. Kuna kibuu cha kereng'ende, mkali kweli, taya lake analirusha mbele anakamata mwenzake palepale kwenye beseni. Kuna kaa wa mtoni. Watu wazima wenye magwanda wanainama mpaka vichwa vinagongana.

Halafu tunapanda gari tunashuka chini, tukishaupita mji, kuelekea Ngerengere. Wavu uleule, beseni lilelile. Maji ya kijivu yenye harufu, mifuko, nepi, na kwenye beseni wanabaki vibuu vyekundu vinavyojinyonganyonga, ruba na konokono wawili watatu. Wale wa mikia mitatu hakuna. Hapo naeleza sasa oksijeni, kwamba hivi vibuu ni vyekundu kwa sababu vina kitu kilekile kinachofanya damu yetu iwe nyekundu, vinakamata hata oksijeni kidogo iliyobaki, ndo maana vinaishi pale wengine wameshindwa. Askari mmoja wa misitu aliwahi kuliangalia lile beseni kimya halafu akasema, “Mwalimu, kumbe huku wenyeji walishahama.” Sijawahi kupata slaidi inayofundisha hivyo.

Na sio mambo ya kubuni haya. Afrika Kusini wanapima mito kwa wadudu miaka mingi, njia yao inaitwa SASS, na Tanzania tuna yetu iliyotengenezwa kwa mito ya huku, TARISS. Ipo pia nyepesi, miniSASS, hata mwanafunzi wa sekondari anaiweza. Kila kundi la wadudu lina alama, wanaotaka maji safi wana alama za juu na wanaovumilia uchafu za chini, unajumlisha, unagawa kwa idadi ya makundi uliyoyaona, unapata wastani. Watu wa misitu wanapenda kupima, basi wape cha kupima.

Sasa nije kwenye kinachoniuma. Kuna ofisi moja, siitaji, iliniita kufundisha, nikawaandalia programu nzuri tu, bajeti iliporudi siku ya mtoni imefutwa. Mafuta ya gari hakuna, ila ukumbi wa hoteli upo, bufee ipo, mabegi yenye nembo yapo. Nikaomba basi twende hata kijito kilichopita nyuma ya hoteli, wakakataa. Nikafundisha siku nzima kwa projekta. Mwishoni mkubwa mmoja akasimama akasema mbele ya wote kuwa kazi ya mtu wa misitu ni miti, wadudu tuwaachie watu wa maji. Ukumbi ukacheka. Kicheko kile mpaka leo kipo rohoni.

Kinaniuma kwa sababu hebu jiulizeni, saa kumi na mbili asubuhi kwenye chanzo cha mto, kule juu kabisa, yupo nani? Nchi nzima tuna mabonde 9 ya maji, vijito havihesabiki, watu wa ofisi za mabonde hayo hawawezi kuwa kila mahali. Anayepita pale na doria ni mtu wa misitu. Uluguru ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 2008, na maji yanayotoka kule ndiyo yanaingia Ruvu, na Ruvu ndiyo inanywesha Dar es Salaam. Mwaka 2022 Ruvu iliposhuka, Dar wakaingia kwenye mgao, ndoo zikapanda bei, ndipo kila mtu akakumbuka kuwa mto una mwanzo. Leo mtu anasimama ananiambia msitu na maji ni ofisi mbili tofauti!

Mti wa kingo za mto una kazi tatu ambazo kila afisa misitu azijue kama jina lake. Kivuli chake kinapoza maji, na maji ya baridi yanabeba oksijeni nyingi kuliko ya moto. Majani yake yakianguka ndio chakula cha wale wadudu, na wadudu ni chakula cha samaki. Mizizi yake inashika udongo, na hapa ndo watu wengi hawajui, udongo wenyewe ni uchafuzi. Sio lazima kiwanda. Mlima ukilimwa mpaka ukingoni, tope likashuka, linajaza zile nafasi ndogo katikati ya mawe, na zile nafasi ndizo nyumba. Unaweza kuuona mto una maji na wala haunuki, kumbe chini umeshakuwa mtupu. Kwa hiyo mkirudishia miti kando ya mto pandeni miti rafiki kwa maji, mikuyu, mizambarau mwitu, mianzi, acheni kupanda mikaratusi kwenye chanzo halafu mnapiga picha.

Kwenye sheria usikae sana, watu wamechoka kusomewa vifungu. Zile mita 60 za kutofanya shughuli kando ya mto zipo kwenye Sheria ya Mazingira ya 2004 na zipo kwenye Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009, kila afisa anazijua kwa kinywa. Ila chukua kamba ya kupimia, ifunge kwenye ukingo, waambie watembee nayo mpaka 60 wakiorodhesha kila wanachokipita. Bustani ya mchicha. Tanuri la matofali. Choo. Pampu ya kumwagilia. Huko kwenu Nyanda za Juu mtakuta vinyungu, yaani bustani za mabondeni zinazolimwa kiangazi, na vinyungu vile ndivyo vinalipa mahitaji ya shule ya watoto, kwa hiyo mafunzo yako yasiishie kwenye kufyeka mazao ya watu, kaeni na wenye vinyungu muongee mpaka nani atasogea lini na atalima nini huko anakosogea. Ukimtoa mtu kwa fimbo, anarudi usiku. Nimeliona hili mara nyingi sana na sitaacha kulisema.

Uchafuzi nao wafundishe kwa vitu wanavyokutana navyo doria. Watu wanaosuuza mabomba ya kupulizia dawa kwenye kijito. Wanaovua kwa utupa, wanatwanga majani wanamwaga, samaki wanaelea wakubwa na vichanga vyote. Wachenjuaji wa dhahabu wenye zebaki. Mmoja wa niliowafundisha, askari kijana kabisa, aliona kwenye kituo chake cha kupimia wadudu wamepungua ghafla wakati mvua haijanyesha na maji yanaonekana safi. Akaupandisha mto kwa miguu, akafika kwenye bustani za nyanya, akakuta sehemu ya kuchanganyia dawa ipo majini kabisa na vichupa vimetupwa hapohapo. Hakumkamata mtu siku hiyo, aliwaita viongozi wa kijiji, wakaihamisha sehemu ile mbali na maji, vichupa vikaokotwa. Msimu uliofuata alinitumia picha ya beseni, wale wa mikia mitatu wamerudi. Ile picha ninayo, na siku nikikumbuka kile kicheko cha ukumbini huwa naifungua.

Wakihitaji kuchukua sampuli ya maji, wafundishe kwa vitendo na sio kwa maneno: usichukue pale ulipotibua tope, elekea mkondo unakotoka, suuza chupa kwa maji ya mto huohuo isipokuwa chupa ya kupima vijidudu, hiyo haisuuzwi, andika saa na mahali palepale, weka kwenye boksi la baridi, ifike maabara siku hiyohiyo. Na namba ya simu ya ofisi ya bonde la maji na ya NEMC, wale wasimamizi wa mazingira wa taifa, iwe kwenye simu ya kila mshiriki kabla hajaondoka, maana kesi ikishafika pabaya anatakiwa mkaguzi wa mazingira mwenye mamlaka, wewe kazi yako ni kumwahisha.

Mnakumbuka Machi 2022, Mto Mara? Maji yakawa meusi, samaki wakafa, kamati ikaundwa, majibu yalipotoka nchi nzima ikabishana. Mimi nilichokiwaza ni kitu kingine. Kama kandokando ya mto ule kungekuwa na watu wanaopima kila mwezi, kwa beseni tu, tungekuwa na kumbukumbu ya kabla, ubishi ungepata pa kusimamia. Mto usio na kumbukumbu kila mtu anausemea analotaka.

Na chura wa Kihansi je? Kachura kadogo, kama sentimita mbili, kanazaa watoto badala ya kutaga, duniani kote kalikuwa kanaishi kwenye rasharasha za maporomoko ya Mto Kihansi tu, huko Udzungwa. Wataalamu walikaona mwaka 1996, wakati mradi wa umeme umeshaanza. Maji yakaelekezwa kwenye mitambo, rasharasha zikapungua, ugonjwa wa kuvu nao ukaingia, 2009 kakatangazwa kuwa kametoweka porini, kakabaki kwenye bustani za wanyama Marekani, Bronx na Toledo, mpaka tukaanza kukarudisha nyumbani kwa ndege. Jamani, tunalinda nini kama hatujui kilichopo? Mtu umepewa hifadhi, umevaa gwanda la serikali, unajua kila mninga wenye soko lakini kinachoishi chini ya jiwe mtoni hujawahi kukiangalia hata mara moja. Badilikeni. Ingieni mtoni, sio kwa ajili ya ripoti.

Basi mdogo wangu, kwa mafunzo yako: yafanye kipindi cha kiangazi, Agosti au Septemba, maji yakiwa madogo, usipeleke watu mtoni masika. Chagua sehemu mbili za mto mmoja, juu na chini ya kijiji au mashamba, watu waone tofauti kwa macho yao. Waulize wenyeji kwanza kuhusu mamba na viboko, na kwa sababu ya kichocho kila anayeingia majini avae gambuti na akaushe mikono. Beseni liwe jeupe, la rangi utahangaika. Siku ya pili ndo uingie ukumbini, na hapo utaona wenyewe wanakuuliza maswali. Mwombe bosi wako daftari la doria liongezwe ukurasa wa mto, tarehe, mahali, wadudu waliopatikana, rangi na harufu ya maji, na mrudi kwenye sehemu zilezile kabla ya mvua na baada ya mvua. Ukikwama kutambua mdudu piga picha akiwa ndani ya maji, kwa juu na karibu, nitumie, nitakujibu.