Uliza Fundi: Majivu ya mkaa hayashiki tofali

SWALI: Shikamoo mzee fundi. Mimi kijana wako wa Makorora hapa Tanga, nafyatua bloku nyuma ya nyumba. Niliona kwenye simu video ya Wahindi wanafyatua tofali za majivu, hawachomi, saruji nayo hawaweki, na zinatoka ngumu balaa. Basi na mimi nikaanza kukusanya majivu kwa mama ntilie na kwa wakaanga chipsi, mpaka sasa nina viroba 14 stoo na mke wangu kashaanza kununa. Nichanganye vipi na saruji nipunguze gharama? Na hivi viwanda vya saruji vya hapa kwetu si wanachoma makaa ya mawe, majivu yake wanayatupa wapi nikaombe?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza mke wako ana haki ya kununa. Pili, hivyo viroba 14 gawia wenye bustani za mchicha, usivitie kwenye tofali hata kidogo, na nakwambia hivyo kwa sababu nilishaingia mkenge huo mwenyewe. Nilijenga banda la kuku la mama mkwe kwa bloku nilizopunguza saruji nikafidia na majivu ya mkaa, kiangazi zikakaa vizuri tu nikawa najisifu, masika ilipopiga wiki mbili pembe zikawa zinamomonyoka kama andazi lililolala kwenye chai, na ukutani kukatoka ule unga mweupe wa chumvi. Mama mkwe hakusema neno. Aliniletea ufagio.

Tatizo ni kwamba majivu si kitu kimoja. Ya kuni na mkaa kilichojaa mle ni chokaa iliyokwisha nguvu pamoja na magadi, ndo maana bibi zetu walikuwa wanayachuja wapate magadi ya kupikia. Hayana cha kushikana na saruji, halafu yale magadi yanavuta maji. Ya kwenye video ni mengine kabisa. Kule kuna mitambo ya umeme inayosaga makaa ya mawe laini kama sembe, wanayapuliza ndani ya tanuru, yanawaka yakiwa hewani, na ule udongo uliokuwemo ndani ya makaa unayeyuka na kugeuka vijipira vidogo mno vya kioo ambavyo vinanaswa kabla havijatoka na moshi kwenye dohani. Kile kioo ndo mali. Ukikipa chokaa na maji kinageuka gundi ileile inayofanya saruji ishike, ila taratibu, inachukua wiki kadhaa, kwahiyo tofali lazima limwagiliwe na lisubiriwe. Wao wanaweka majivu mengi, chokaa, jipsamu kidogo na mchanga au vumbi la kokoto, wanagandamiza kwa mashine basi. Na serikali yao iliwasukuma, mwaka 1999 walitoa amri kwamba mchoma tofali yeyote aliye ndani ya kilomita 50 kutoka mtambo wa umeme wa makaa lazima achanganye majivu yasiyopungua 25 kwa 100 kwenye udongo wake. Majivu yalikuwa yanawazidi, milima na milima.

Huku Tanga hatuna mtambo wa namna hiyo. Na kiwandani usihangaike kwenda getini, tanuru la saruji likichoma makaa ya mawe yale majivu yanalowea humohumo kwenye klinka, yale mabonge yanayosagwa kuwa saruji, yanakuwa saruji, hayabaki pembeni yakaombwa.

Sasa usikate tamaa, maana kuna majivu ya kwetu ambayo yana hiyo kazi, nayo ni ya pumba za mpunga, yale maganda magumu ya nje. Panda Korogwe au Mombo uone mashineni yanavyorundikwa. Majivu yake karibu yote ni silika, kitu kilekile cha kioo, ila moto ndo unaamua. Ukiyachoma taratibu yakawaka wekundu wa kufifia, chini ya nyuzi 700 hivi, yanatoka ya kijivu cheupe na yanashika. Yakitoka meusi tii yana mkaa, yatakunywa maji yako yote. Na yale ya katikati ya tanuru la tofali za kuchoma yameiva kupita kiasi, yamekuwa kama mchanga tu, hayafanyi kazi. Halafu lazima yasagwe yawe laini kama unga, hapo hakuna njia ya mkato.

Hesabu yake fupi. Mpunga kilo 100 unatoa pumba kama kilo 20, na pumba hizo ukizichoma unabaki na majivu kilo 4 hivi. Mimi kwa kuanzia sivuki majivu 10 kwa 100 ya saruji, yani kwenye mfuko wa kilo 50 unatoa kilo 5 unaweka majivu kilo 5, hapo umeshakula pumba kilo 25, yani zilizotoka kwenye mpunga wa kilo 125. Kwahiyo piga hesabu ya nauli, ya kusaga na ya kuni ya kuwashia kabla hujashangilia. Kwa mtu wa Makorora naona faida inakuja ukiwa na ndugu mwenye mashine ya kukoboa, bila hivyo nauli inaimeza.

Ukifyatua usiuze kwanza. Mwagilia asubuhi na jioni, funika na turubai, subiri siku 28, maana hizi zinachelewa kukomaa. Kisha pima moja kwenye mizani ikiwa kavu, izamishe kwenye pipa siku nzima, pima tena. Wahindi kwa tofali zao wanakubali maji yasizidi 20 kwa 100, yani ikiwa kavu kilo 15 basi ikitoka isivuke 18. Ikune na msumari ikiwa imelowa hivyohivyo. Ikitoa unga kama chaki, rudi kwenye mchanganyiko.

SWALI: Kaka fundi, mie niko Pangani, mchanga bei imepanda, naweza kutumia vumbi la kokoto la machimboni? Na mchanga wa pwani je? Maana nauona bure mlangoni.

JIBU: Vumbi la kokoto ndio dada yangu, tena zuri, ni taka ya kusagia mawe na wengi wanachanganya nusu kwa nusu na mchanga, ila lichekeche kwanza, likiwa na vumbi laini mno linataka maji mengi na bloku inapasuka. Mchanga wa pwani hapana. Chumvi itakula plasta, itakula nondo, na kuuchota ufukweni ni kosa.